Namna ya kuzichunga kope za mtoto anayemeza dawa ya kifafa

Mimi nauza dagaa Kibirizi, Kigoma, udaktari sijasomea. Ila kwa miezi tisa sasa nimezitazama kope za mtoto mmoja kwa makini kuliko ninavyoutazama mzani wa mteja mjanja. Binti yangu ana miaka minane, ana kifafa, na kifafa chenyewe kimeweka makazi kwenye kope. Wazazi wenzangu pale mwaloni huniuliza nilijuaje kuwa dawa aliyoanzishiwa ndiyo iliyokuwa inamzidishia. Naanza kueleza, gari la mzigo linafika, maneno yanakatika. Leo nayamaliza.

Kwanza kabisa, dawa usiache. Ukiona jambo kwenye macho ya mtoto likakutisha, dozi ya jioni inamezwa kama kawaida mpaka uongee na aliyeiandika. Kuna hali moja tu ya tofauti, nitaifikia. Jirani yangu wa Gungu alitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba dawa za kifafa zinaua kope, akavimwaga vidonge vya mwanawe chooni. Siku ya tatu kijana alianguka, na kabla hajapata fahamu akaanguka tena. Dawa hizi zikikatwa ghafla, ubongo unalipiza. Kifafa kikimshika mtu kupita dakika 5, au kikimrudia kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama umetoka na kanga moja.

Sasa kope zenyewe. Kosa letu wengi ni kusema tu "macho yake hayako sawa". Kwa neno hilo hata daktari hawezi kukusaidia. Ni lazima ujue umeona nini.

Kwetu jicho likicheza kila mtu ana tafsiri yake. Mama yangu husema la kulia ni mgeni, la kushoto ni kilio. Huko kucheza kwa kawaida ni ukope mmoja, mara nyingi wa chini, unaotetema kama uzi uliovutwa. Mwenyewe anausikia, na wewe uliyekaa mbele yake huenda hata usiuone. Huletwa na uchovu, usingizi mchache, kahawa nyingi. Hupita wenyewe, na dawa ya kifafa haihusiki.

Kope nzito ni habari nyingine. Zote mbili zinashuka pamoja, mtoto anasinzia juu ya uji. Hii ni kawaida ya fenobabitoni, dawa ya zamani sana, inatumika kwa kifafa tangu 1912 na bado ndiyo inayopatikana kirahisi huku kwetu. Uzito huu huja wiki za mwanzo au dozi inapopandishwa, kisha mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Usipopungua, sema. Dozi inaweza kupangwa upya.

Ukope mmoja kuanguka, mwingine ukiwa mzima, usiulaumu dawa ukakaa nyumbani kusubiri. Hiyo ni dalili ya kuchunguzwa haraka, na kama imekuja ghafla pamoja na kichwa kuuma sana, au mboni za macho mawili hazilingani ukubwa, ni leo leo. Vilevile kope zinazokuwa nzima asubuhi na kushuka kadiri jua linavyozama: upo ugonjwa wa misuli kuchoka unaofanya hivyo, na baadhi ya dawa za kifafa, fenitoini ikiwamo, zinaweza kuuchochea. Daktari alimpima binti yangu kwa jambo hili kwa njia rahisi mno: alimwambia akodolee taa ya darini dakika nzima bila kushusha macho. Kope hazikushuka, akalivuka hilo.

Halafu ile hali ya tofauti niliyoitaja. Mtoto ameanza dawa mpya, hasa ndani ya miezi miwili ya kwanza, mara anatoka vipele au ngozi inakuwa nyekundu, kope zinavimba, macho yanawaka na kutoa tongotongo, midomo inapata vidonda, na homa juu. Hapo usingoje wakati wa dozi inayofuata. Beba pakiti ya dawa mkononi, nenda hospitali, na useme mlangoni kabisa: "Ameanza dawa ya kifafa tarehe fulani." Ugonjwa huu unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Kabamazepini, lamotrijini, fenitoini na fenobabitoni zote zinaweza kuuleta. Ni nadra, lakini huvua ngozi, na kope zikipona vibaya zinaweza kugandana na jicho au kugeuza nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho. Wako watu wanaougua huu wakapelekewa maji ya chumvi na majani ya kusugua. Jamani.

Iliyobaki ndiyo yetu, na hapa nitakaa.

Mwalimu wa darasa la pili ndiye aliyeiona mwanzo, akaiona vibaya. Aliniita kuniambia binti yangu ana dharau: akisemeshwa anarembua macho. Nilimchapa, Mungu anisamehe. Baadaye nikaanza kuona mwenyewe: kope zote mbili zinapiga haraka haraka kama bawa la nondo kwenye karabai, macho yanapanda juu mpaka unaona weupe, kichwa kinarudi nyuma kidogo. Sekunde tatu, nne. Kisha anaendelea na alichokuwa akifanya, pengine ameruka neno moja katika sentensi. Mara nyingi huja pale anapofumba macho, na zaidi kwenye mwanga mkali. Nyinyi mnaokaa kandokando ya ziwa mnajua mwanga wa Tanganyika saa 11 jioni, jua likishuka upande wa Kongo na maji yote yakigeuka bati jipya. Hapo ndipo alipokuwa anarembua mpaka anaangusha ungo.

Hiki ni kifafa chenyewe. Kope zinapopiga, ubongo unakuwa umeruka, yaani fahamu zinakatika kwa sekunde hizo. Daktari wa Uingereza aitwaye Jeavons alikieleza mwaka 1977 kama aina yake peke yake, na huanza utotoni, wengi wakiwa na miaka kama sita mpaka minane. Mtoto hana dharau. Mwambie mwalimu, na ukiweza umpelekee barua ya daktari, maana neno la mama muuza dagaa darasani halina uzito.

Binti yangu alianguka kifafa kikubwa mara ya kwanza mwezi wa pili. Hakuanzishiwa dawa. Nesi aliniambia, "Mama, nunua daftari, andika kila unachokiona." Nikaona ananifukuza kistaarabu. Kumbe ndiyo tiba iliyotufikisha hapa. Alipoanguka mara ya pili, wiki tano baadaye, ndipo tukapewa kabamazepini, nusu kidonge cha mg 200 asubuhi na nusu jioni.

Daftari langu nililifanya hivi, nawe fanya kwa namna ya kazi yako. Huwezi kumtazama mtoto kutwa, kwa hiyo chagua robo saa moja ya siku na usiibadilishe. Mimi nilichagua wakati wa uji. Nilikaa mbele yake na kikombe cha bati na kokwa za chikichi. Kope zikipiga, kokwa moja kwenye kikombe. Robo saa ikiisha nahesabu, naandika. Ukihesabu kichwani utadanganyika: siku uliyoamka na hofu utaona ishirini, siku uliyoamka na deni hutaona hata moja. Kokwa haina hofu wala deni.

Pembeni ya hesabu andika vitu vinne tu: dozi imemezwa saa ngapi, alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, ana homa au kikohozi, na dawa nyingine yoyote iliyoingia mdomoni, hata ya duka la jirani. Hili la mwisho nililipuuza nikaadhibiwa. Alipata kikohozi, muuza dawa mmoja akatupa erithromaisini bila kuuliza anameza nini kingine, nami sikusema. Siku ya pili mtoto anayumba, kope nusu, ananiambia mgebuka uko miwili kwenye sahani. Ulikuwa mmoja. Erithromaisini huzuia ini kuivunja kabamazepini, hivyo dozi ile ile inajaa mwilini kama amemeza zaidi. Tangu siku hiyo nikifika dukani sentensi yangu ya kwanza ni jina la dawa ya kifafa.

Baada ya wiki sita za kabamazepini kifafa kikubwa hakikurudi. Kila mtu alifurahi. Lakini kikombe kilikuwa kinasema maneno mengine: kabla ya dawa nilikuwa napata kokwa tatu, nne, siku mbaya sita. Sasa napata kumi na mbili, kumi na nne. Nikambeba mtoto na daftari mpaka hospitali kubwa mjini.

Daktari, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, hizi wiki mbaya mlikuwa mnalala?" Nikacheka. Mwenye biashara ya dagaa analala kwa mwezi, si kwa saa. Giza likiwapo mitumbwi inaingia ziwani, na nyumba yangu yote inaamka saa 10 usiku, taa zinawashwa, ndoo zinagongana. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika na sisi tunalala mpaka kunakucha. Mtoto wa kifafa akikatiwa usingizi, kifafa kinapanda, awe kwenye dawa au asiwe. Kwa hiyo yeye alikuwa ananiuliza, kwa adabu, kama ninaisingizia dawa kosa la giza.

Tulilipekua daftari pamoja pale mezani, wagonjwa wengine wakikohoa nje. Tukaweka mbalamwezi mbele ya mbalamwezi, giza mbele ya giza. Mbalamwezi bila dawa: kokwa moja, mbili. Mbalamwezi na dawa: tano, sita. Giza bila dawa: tatu mpaka sita. Giza na dawa: kumi na mbili na kuendelea. Usingizi ulikuwa na kosa lake, na dawa ilikuwa na lake. Kama ningelinganisha mbalamwezi ya mwanzo na giza la mwisho, ningeionea dawa, na daktari angekuwa na haki ya kunirudisha nyumbani. Kama wewe si mtu wa ziwa, mwezi wako unaweza kuwa muhula na likizo, msimu wa kulima na wa kupumzika, zamu ya usiku ya baba. Linganisha vinavyofanana.

Nilikuwa na video pia. Shika simu upande wa dirisha, mwanga umwangukie usoni, chukua uso mzima na mabega, usiikuze picha kwenye jicho peke yake, kwa sababu daktari anataka kuona kama kichwa kinarudi nyuma na kama mikono inaacha kazi. Mwite jina lake video ikiendelea: akijibu au asipojibu, yote ni habari. Video mbili fupi zinatosha. Na usimchochee kwa tochi ili upate picha nzuri.

Kisha daktari akampa binti yangu kipande cha karatasi akamwambia akipulize bila kupumzika kama anawasha jiko la mkaa. Kabla ya dakika tatu kuisha kope zikaanza, mbele ya macho yake. Kipimo hicho ni cha hospitali, nyumbani usijaribu. Kipimo cha umeme wa ubongo kingetutaka tusafiri, na nauli wakati huo ilikuwa imo kwenye mzigo. Alisema tutakifanya mambo yakikaa sawa, ila aliyoyaona yanamtosha kubadilisha dawa.

Alinieleza hivi: kabamazepini ni dawa nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Kwa kifafa cha kuruka ubongo na cha misuli kushtuka, kama hiki cha kope, inaweza kukizidisha, na fenitoini ni vilevile. Jambo hili linajulikana kwa madaktari wa kifafa, ila aliyetuandikia mwanzo aliambiwa habari ya kuanguka tu. Kope sikumtajia, nilidhani ni tabia. Kwa hiyo ukienda kliniki usichague wewe kipi ni kifafa na kipi ni tabia. Mwaga vyote mezani.

Dawa mpya ilikuwa sodiamu valproeti. Haikuwa kuacha hii leo na kuanza ile kesho: moja ilishushwa kidogo kidogo huku nyingine ikipanda, kwa ratiba aliyoiandika kwenye daftari kwa tarehe. Wiki hizo nilihesabu mara mbili kwa siku. Na alinipa kazi nyingine ya macho: kila asubuhi nimtazame weupe wa jicho. Ukigeuka njano, au akianza kutapika na kulegea isivyo kawaida, nimlete mara moja, kwa kuwa dawa hii kwa nadra huumiza ini.

Kuhusu mwanga, yapo mambo ya bure. Binti yangu sasa anavaa kofia yenye ukingo, na jioni anakaa ameupa ziwa mgongo. Mwanga ukimkuta ghafla amefundishwa kufunika jicho moja kwa kiganja. Kufumba yote mawili kwake ndiyo kufungua mlango, mkono juu ya jicho moja unaufunga. Kuoga ziwani peke yake hapana, hata maji ya magoti, na jikoni hakai upande wa moto. Siku za giza nimempeleka alale kwa shangazi yake anayekaa eneo la Mwanga, huko hakuna ndoo za usiku. Shangazi mtu analalamika kwamba nimemgeuza bweni. Sawa.

Sasa zile habari za simuni. Zitakuja tu: utafiti umegundua dawa fulani inahusishwa na matatizo ya kope. Usizicheke na usizikimbilie. Uliza kwanza dawa ipi, kwa jina, kwa sababu dawa ya kifafa si moja, ziko nyingi na kila moja ina tabia yake. Topirameti, kwa mfano, inajulikana kuweza kupandisha presha ya jicho ghafla, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza: jicho linauma, jekundu, ukungu. Vigabatrini hupunguza uwanja wa kuona pembeni, na haurudi. Hayo usiyahamishie kwenye fenobabitoni ya mwanao. Kisha uliza kope zimefanywa nini: zimevimba, zimeanguka, zinacheza? Na walioonekana hivyo walilinganishwa na nani? Mtu mmoja aliyemeza dawa kisha kope ikacheza ni kama mimi na giza langu, huenda ni dawa, huenda hakulala. Wengi waliohesabiwa kabla na baada, na hali ikatulia dawa ilipobadilishwa, hapo pana uzito. Likibaki swali, chapisha habari hiyo au ioneshe kwenye simu siku ya kliniki. Daktari wetu hakuwahi kukasirika.

Utafiti mmoja uliokaa vizuri unahusu watoto walio tumboni. Tangu 1975 madaktari wameandika kuhusu baadhi ya watoto waliozaliwa na mama wanaomeza fenitoini: kope zilizoshuka, macho yaliyoachana, kucha ndogo mno. Si wote, ila ni jambo la kujadiliwa na daktari kabla ya mimba. Mwanamke asiache dawa mwenyewe akishajijua ana mimba, kwa sababu kuanguka kifafa nako kunamhatarisha yeye na aliyemo.

Na valproeti ndiyo nzito zaidi kwa upande huo. Kati ya watoto kumi walioikuta tumboni, kama mmoja huzaliwa na kasoro ya mwili, na watatu mpaka wanne wanaweza kuchelewa kukua kiakili. Nilipoambiwa hivyo nilimtazama binti yangu wa miaka minane anachora mtumbwi nyuma ya kadi ya kliniki, nikaona tunazungumza habari za mtu mwingine. Daktari hakuona hivyo. Alisema kwa sasa ndiyo inayomfaa na inayopatikana, lakini haitakuwa ya miaka yote, na kwamba lamotrijini na levetirasetamu zipo za kufikiriwa. Akachukua kalamu nyekundu, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaandika kwa herufi kubwa: AKIFIKA MIAKA 10, AU AKIOTA MATITI KABLA YA HAPO, MRUDISHE TUBADILI DAWA. Juu ya ukurasa huo nimebandika karatasi ya gundi, usije ukachanwa kufungia dagaa.